Mama Mpishi na Mashine ya Kupima Uongo

Jumanne nilikuwa katika ofisi ya ghala moja la mboga pale Soni, nikisubiri risiti, mama mpishi wa hapo alipoitwa kupimwa uongo. Jenereta lilikuwa limeibwa stoo, na bosi alikuwa amemleta mtaalamu na mashine yake.

Mtaalamu, kijana ambaye huyo mama angeweza kumzaa, hakumpa hata shikamoo. Alimfunga mkanda kifuani, akambana mkono kwa kitambaa cha kupimia presha, akamvika nyaya vidoleni.

"Mwanangu, utaniuliza nini?"

"Utajua nikikuuliza. Tulia."

"Nina presha mimi."

"Mashine haijali presha."

Nilishindwa kunyamaza. Nilimwambia yule kijana kwamba mtaalamu wa kweli humsomea mtu maswali yote kabla ya kuwasha mashine, humuuliza afya yake, na hamfungi chochote kabla hajakubali mwenyewe. Bosi akaniambia nikasubiri nje. Sikutoka.

Mama alifungua mkanda taratibu, akauweka mezani.

"Mfungeni bosi kwanza," alisema. "Funguo za stoo anazo yeye peke yake."

Bosi aligonga meza. "Mimi nipimwe kama mwizi?"

Leo mama huyo hana kazi. Nimeisoma barua yake ya kufukuzwa, na kosa lililoandikwa si wizi bali ni kukataa kipimo. Bosi alikikataa kipimo hichohicho mbele ya macho yangu, na sahihi iliyo chini ya barua ni yake.