Majani Yasiyopita Motoni

Nilikuwa mtoto bado, meno ya mbele ndiyo kwanza yameota upya, tulipokimbilia kwenye matete ya Mto Kilombero, mbali kidogo na Ifakara. Askari wa Wajerumani walikuwa wamechoma mpunga wetu. Baba alikwenda vitani akiamini maji ya dawa yatageuza risasi kuwa maji, hakurudi. Tulibaki mama, bibi mzaa baba, mdogo wangu Siwema na mimi.

Mama alipiga marufuku moto. Moshi ungewaonyesha askari tulipo, kwa hiyo tulikula mabichi majani laini yaotayo majini. Bibi aliyakataa katakata. Zamani, wakichuna nyati, alikuwa ameona ndani ya ini majani madogo bapa yanatembea.

“Jani la bwawani lisipopita motoni halifi,” alisema. “Linakwenda kukaa kwenye ini, linakula.”

“Mama, na njaa je, haili?” mama alimjibu.

Kumlisha Siwema ilikuwa kazi yangu. Akilia njaa, namjaza majani mdomoni ili sauti isisikike. Nina wajukuu sasa, na bado jambo hili linanichoma.

Mwezi wa pili mafichoni Siwema akaanza kujishika ubavu wa kulia. Homa haikushuka, macho yakawa manjano, tumbo likavimba huku mikono ikibaki mifupa.

“Dada, yanatembea?” aliniuliza.

Nilimwambia hapana. Nilidanganya, maana niliamini kila neno la bibi.

Asubuhi moja bibi akapekecha moto achemshe mizizi ya dawa. Mama alimrukia, wakavutana, mwisho mama akakaa chini akalia. Moshi ukapanda juu ya matete. Tulishikana mikono tukisubiri bunduki.

Hakuna aliyekuja, siku ile wala iliyofuata. Askari walikwishaondoka zamani, nasi hatukujua. Siwema alimeza mafunda mawili ya dawa, akafa kabla jua halijatua.

Nilipokuwa mtu mzima, mganga mmoja wa misheni alinieleza kuwa ile ni minyoo. Hung'ang'ania majani ya majini ikiwa midogo mno kuonekana, na kuyachemsha majani huiua. Nilimuuliza ikikua inafananaje. Akasema ni bapa, kama jani.

Sikumwambia mama. Alizeeka akisimulia jinsi askari walivyomuua Siwema, nami nilikuwa nikiitikia, ndiyo mama, ni wao. Wala haikuwa uongo mtupu. Ila mkono uliomlisha ulikuwa wangu.