Zima Injini, Weka Mikono Juu ya Usukani

Mume wangu alipofariki aliniachia watoto, shamba la muhogo kule Angurai, na pikapu ya kijani ambayo sikujua hata kufungua boneti yake. Shemeji yangu hakungoja udongo ukauke. "Mwanamke na gari, wapi na wapi? Tuuze." Nikamwambia gari hilo ndilo litakalosomesha watoto wa ndugu yake, na haliuzwi ng'o! Tulifokeana mpaka wazee wakaingilia. Wakaamua hivi: nikipata leseni kabla ya wimbi kuvunwa, gari ni langu. Nisipopata, linauzwa.

Sasa nani atanifundisha? Malaba miaka hiyo ilikuwa imejaa watu waliovuka kutoka Uganda wakikimbia askari wa kwao, na nguo walizovaa tu. Mmoja wao alikuwa akiziba pancha karibu na mpaka. Kwao alikuwa ameendesha malori tangu ujanani. Nikamwendea, akakubali, ila kwa sharti moja: yeye atakaa kando yangu na hatashika usukani. "Macho yangu yamechoka, nyabo," aliniambia, akiniita mama kwa lugha ya kwao. Uongo mtupu! Mtu huyo alikuwa akiona tundu la mwiba kwenye tyubu bila hata kuitia majini.

Lakini kufundisha alijua. Alinifundisha klachi kwa upole, akanifundisha kuondoka mlimani bila gari kurudi nyuma hata kidogo. Akanipa na sheria. Kaa kushoto. Washa indiketa mapema. Ukikaribia kambi ya jeshi, teremsha vioo, mikono yako ionekane. Mkubwa hapigiwi honi. Na ukiona gari la bendera, toka nje ya barabara kabisa, magurudumu yote manne, zima injini, weka mikono juu ya usukani, macho chini. Alizisema zote kwa sauti ileile, nami nikazimeza zote kama zilivyo. Mimi ningejuaje? Tulijifunzia kwenye njia ya mashambani, tukikutana na ng'ombe na baiskeli tu. Alikuwa akipaza sauti ghafla, "Bendera!" nami naruka majanini na kuzima. Hapo ndipo aliponisifu kuliko pengine popote.

Siku ya mtihani nikaenda naye Busia, akabaki akiningoja sokoni. Mtahini alikuwa afande mnene asiyecheka. Kwenye ubao uliochorwa barabara, wenye vigari vya kuchezea, nilijibu vizuri, tukatoka kuelekea Mundika, naye akawa anaitikia kwa kichwa. Nikajiambia, shemeji leo atakoma. Mara Landrova ya DC ikatokea mbele yetu, bendera inapepea.

Lo! Nilikata kushoto, nikaingia majanini magurudumu yote manne, kando kabisa ya meza ya mama muuza nyanya. Nikazima injini. Mikono juu ya usukani, macho chini. Nikawa nangoja kusifiwa.

"Mama! Unafanya nini?"

"Napisha bendera, afande."

"Nani alikwambia? Huyo si Rais, huyo ni DC anaenda kunywa chai! Unapunguza mwendo, unakaa upande wako, unaendelea. Ungeua huyu mama na nyanya zake!"

Nikaanguka mtihani hivyo, huku mama wa nyanya akinitukana matusi ambayo sijayasahau.

Nilimkuta mwalimu wangu sokoni, damu inanichemka. "Umenimaliza wewe! Gari la watoto wangu linakwenda kwa sababu yako! Nimetoka barabarani, nimezima, kama ulivyonifundisha!"

"Ulizima?"

"Si nimekwambia nilizima!"

"Na gari likapita?"

"Likapita! Lisipite lina nini?"

Akaangalia viatu vyake. "Ndugu yangu hakuzima," akasema. "Tulikuwa na malori mawili, yeye mbele. Alitoka barabarani vizuri kabisa. Lakini injini hakuzima, na askari waliolinda gari la bendera wakarudi."

Nilimwambia pole, mwalimu, pole sana, halafu nikalia palepale mbele ya watu. Nilimlilia ndugu yake, na nisidanganye, nililia pia gari langu.

Wimbi lilikuwa halijaiva bado. Tukaanza kwenda barabara kuu kila nilipopata petroli, tukitafuta gari la bendera makusudi, watu wa Busia wakidhani nina kesi na DC. Mara ya kwanza mwalimu alinishika mkono akinisihi, "Toka, nyabo, toka, bambi!" na miguu yake yote miwili ikakanyaga sakafu akitafuta breki. Mimi mwenyewe nusura nitoke. Mara nyingine alifumba macho. Nilikaa upande wangu, nikaendelea.

Mtihani wa pili nilimpata afande yuleyule. "Leo hatuendi kununua nyanya?" akaniuliza, na nikagundua kumbe anajua kucheka. Nikapita. Shemeji baadaye aliigeuza ile leseni mbele na nyuma, akakohoa, kisha akaomba lifti.

Lakini siku yenyewe ya kupita, tukirudi Malaba, nilisimamisha gari karibu na Alupe, nikashuka, nikazunguka upande wa mwalimu.

"Sogea huko. Endesha."

"Macho yangu, nyabo..."

"Macho yako mazima. Sogea, nimechoka."

Alikaa akiutazama usukani. Halafu akawasha, na jamani, lile gari sikulijua tena. Lilikwenda taratibu, halina mshtuko, gia zinaingia bila sauti. Nilitamani mume wangu angeona.

Kwenye kona bendera ikatokea. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo. Ule mkono ukakaa pale, kisha ukarudi kwenye usukani, na yeye, aliyenifundisha kwamba mkubwa hapigiwi honi, akapiga honi. Ndefu!

Dereva wa DC akainua mkono, kama madereva wa huku wanavyosalimiana, akapita.

"Amenisalimia," mwalimu akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Mpaka tunaingia Malaba alikuwa akirudia hilohilo. "Umeona, nyabo? Amenisalimia."