Mkono Kwenye Swichi ya Sauti

Trrr-tak-tak-tak! Mlio wa mkanda ukipita kwenye mashine ya sinema naujua hata usingizini. Niliusikia siku yangu ya kwanza kazini, Sundbyberg, nchi ya Waswidi, mwishoni mwa miaka ya sitini, ufagio mkononi na ndoto tele kichwani. Nilikuwa nimemfuata mume wangu aliyekuja kusomea umeme. Shule yangu mwenyewe iliishia darasa la nane.

Nilifagia ukumbi pamoja na Nyambura, Mkenya mwenye ulimi wa pilipili. Filamu ikianza, yeye alikwenda kunywa kahawa, mimi nikabaki nimesimama nyuma ya viti, natazama.

"Salome, unawalilia tena Waingereza wa kwenye kitambaa?" alinicheka. "Wenzio wako kwao wanakula viazi!"

Hapo nyuma nilijifunza jambo. Filamu za Kiingereza ziliwekwa maandishi ya Kiswidi chini ya picha. Waswidi husoma upesi, basi hucheka kabla mwigizaji hajamaliza kusema, na kicheko kinaimeza sauti yake. Wazee waligeukiana: "Amesemaje?"

Fundi Mkuu, mzee mkavu wa koti la kijivu, aliona ninavyoipenda kazi, akanipandisha kwenye kibanda cha mitambo nijifunze. Alinionyesha vile vitobo vya pembeni mwa mkanda, ambavyo meno ya mashine huvishika na kuuvuta. Vikichanika, picha inaruka, au mkanda unakatika ukumbi mzima ukitazama.

Miaka ya sabini ilipoingia, tuliletewa filamu kuukuu ya Kiingereza kwa ajili ya wazee wa Jumapili mchana. Bwana mmoja fundi wa piano na bibi muuza maua wanazozana mwanzo hadi mwisho. Mwishoni bwana yule anasimama mlangoni mvuani, mwavuli umegeuzwa na upepo. Bibi anamtazama, anasema: "Ingia, chai inapoa." Basi. Hapo ndipo wanapopatana.

Na hapo hasa, tulipoukagua mkanda kabla ya onyesho, ndipo tulipokuta vitobo vimechanika.

"Kata," alisema Fundi Mkuu. "Ni watu wazima, watakisia."

"Bwana Fundi Mkuu, filamu yote inaungoja mlango ule. Tukikata, watarudi nyumbani na ugomvi mtupu."

Alinitazama juu ya miwani. "Haya, uunge wewe na uendeshe wewe. Ukikatika mbele ya watu, ufagio wako bado uko pale chini."

Niliubandika mkanda utepe mwembamba wa gundi, kitobo kwa kitobo. Jumapili ile nilisimama kando ya mashine, mkono kwenye swichi ya sauti. Mlango ukafunguka. Mwavuli ukageuka. Tak-tak-tak, kiraka kikapita. Wazee wakayasoma maandishi, kicheko kikaanza, nami nikaipandisha sauti kidogo, kiasi cha kukivuka kicheko. "Ingia, chai inapoa." Kila mtu alimsikia bibi yule. Ukumbi ukalipuka tena!

Taa zikawashwa, Fundi Mkuu akanigeukia. "Mkono wako una masikio," akasema, akanikabidhi ufunguo wa kibanda. Nyambura aliponiona nao akapiga kigelegele pale pale mlangoni, Waswidi wakashtuka.

Baadaye nilihamishiwa katikati ya mji, kisha ukumbi wa Jakobsberg, chini ya Meneja aliyeziita filamu zote "bidhaa". Kila nilipokwenda, mkono wangu ulikaa kwenye swichi. Vijana mnaosoma haya, msidhani mashine ndiyo kazi. Kazi ni wale watu walio gizani, wanaotaka kusikia neno la mwisho.

Sasa nimestaafu, niko mtaa wa Bredäng. Wajukuu hunijibu kwa Kiswidi, na ndani ya vile vibanda hakuna tena mkanda unaotatarika. Majuzi, mchana, ile filamu ikaonyeshwa kwenye televisheni. Sebuleni nilikuwa peke yangu. Bwana aliposimama mvuani nilichukua rimoti, na mwavuli ulipogeuka, nikaipandisha sauti kidogo.