Pale Uchafu wa Mikono Unapoishia

Yule mama anayeuza vitabu vikuukuu pale mtaani Free Area haangalii jalada. Ukimpelekea kitabu, anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kurasa, anatafuta pale uchafu wa mikono unapoishia na weupe unapoanza. "Boss, hiki ulikiacha ukurasa wa ishirini na tatu. Kilikukosea nini?" Anauliza kwa sauti ya mnadani. Wateja hucheka, yeye hacheki. Juzi Eucabeth, aliyemzika mumewe mwezi uliopita, alileta vitabu vinne vya marehemu ndani ya kiondo. "Huyo alikuwa msomaji," alisema. "Kila jioni, kitabu mkononi. Alivimaliza vyote, ama?" Mama akapitisha kidole kwenye cha kwanza, cha pili, hadi cha nne. Vyote vilikuwa vyeupe kuanzia kurasa za mwanzo. Wateja wakasogea, wakingoja kucheka. "Vyote, mathe," Mama akamwambia Eucabeth. "Huyu hakuacha kitabu njiani." Eucabeth akashusha pumzi, akaomba abaki na kimoja. "Ngoja nikipanguse vumbi kwanza." Mama akainama nyuma ya meza, akaanza kufungua zile kurasa nyeupe moja moja, akizishika kwa vidole vyake vichafu mpaka ya mwisho.