Tao la Nyumba ya Kengele

Kwa miaka thelathini na mmoja Ephraim Tuckwell alisimama chini ya tao la Nyumba ya Kengele, nyumba ya wageni kwenye barabara kuu ya London, akipaza sauti neno moja: "Inameni!" Magari ya farasi kumi na manane kwa siku yalipita hapo kuingia uani kubadilisha farasi, na abiria waliokaa juu ya paa walikunja shingo, la sivyo boriti ingewavua kofia na ngozi ya kichwa. Kati ya paa la gari na boriti palibaki shubiri mbili. Waliojenga walijua kupima. Ule ukuta wa mbele wa matofali mekundu ulikuwa koti la majivuno tu. Nyuma yake nyumba ilikuwa ya mbao na udongo, imepinda mgongo, na imara kuliko chochote kijengwacho sasa.

Kisha ikaja reli. Katika mazizi ya farasi sitini wakabaki kuku.

Bibi Lovibond, mwenye nyumba, akaamua kuziba tao na kubomoa mazizi, apate ukumbi wa chai. Tuckwell alikuwa akiishi katika chumba juu ya zizi. Likienda, hana pa kwenda ila nyumba ya kulelea maskini. Alimbembeleza wiki nzima. Mama yule hakuwa mkatili, alikuwa amechoka.

"Haya, Mzee Tuckwell. Gari moja tu liingie uani kabla ya sikukuu ya Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, nami naliacha tao."

Tuckwell akamwandikia Silas Garrod, dereva pekee aliyekuwa bado na gari kubwa, akihudumia vijiji visivyo na reli. Siku moja kabla ya Mikaeli baragumu ikalia. Tuckwell alikuwa mahali pake, koti limepigwa brashi.

"Inameni!"

Abiria wakainama hata pua zikagusa magoti. Farasi wakapita. Ukingo wa mbele wa paa ukagonga boriti kabla abiria hawajaifikia, gari likakwama.

Garrod akashuka, akatazama juu, akapiga kisigino chini.

"Boriti haijashuka, ndugu yangu. Ardhi ndiyo imepanda. Nani punguani kamwaga majivu yote haya?"

Tuckwell alijua. Tangu farasi waondoke, parokia ilimpa kibarua cha kukarabati barabara kila kipupwe kwa majivu ya makaa kutoka stesheni ya reli, naye hakuweza kufanya kazi vibaya. Aliyatandaza mpaka ndani ya tao, akayashindilia tabaka juu ya tabaka, ili magari yakirudi magurudumu yasiteleze.

"Ni mimi, Silas."

Garrod alianza kucheka, akaacha. Tuckwell akaleta sululu. Ikaruka kama imepiga mwamba. Abiria walikuwa na haraka. Gari likarudi kinyumenyume, na dirishani Bibi Lovibond akashusha pazia.

Baada ya sikukuu waashi walifika kuziba tao. Tuckwell akipita na furushi lake, alimsikia fundi mkuu akiwaambia wenzake waweke chini majembe.

"Hapa hapahitaji msingi," alisema. "Aliyeshindilia hapa alijua kazi."