Kipa Aliyekuwa Akila Kwangu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, kipa wa timu yetu ya reli aliingia katika ofisi yangu ya mizigo, akaketi juu ya gunia la mchele lililokuwa likingoja kupimwa, akasema:

"Kaka, uniandikie barua. Kifaransa yangu haifike mbali."

Nilichukua karatasi kabla ya kuuliza ni barua gani. Ndivyo nilivyokuwa kwake. Kwa miaka sita, kila Jumapili baada ya mchezo, alikuja kwangu akaoga, mke wangu akampakulia wali na samaki wa mto, nami nikamsomea daftari langu: kila shuti alilopigiwa, dakika yake, mguu uliopiga, umbali kwa hatua, kushoto kwake au kulia. Shule niliiacha darasa la nne. Mengine yote nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na daftari hilo ndilo andiko langu pekee ambalo mtu mwingine alilisikiliza hadi mwisho.

Barua ilikuwa ya kuiaga timu ya reli. Mfanyabiashara mmoja, aliyepewa duka la Mgiriki wakati serikali ilipogawa maduka ya wageni, alikuwa ameanzisha klabu mpya katika mtaa wa Mikelenge, na wachezaji wake walilipwa kila mwisho wa mwezi kwa kucheza mpira tu. Sisi wa reli tulicheza baada ya kazi, mchezaji mmoja akinuka grisi na mwingine akisinzia. Niliandika kwa mwandiko wangu bora. Sikumwambia abaki, nilingoja aseme kwamba kuondoka kunamuuma. Alinishukuru, akatoka haraka, kwa kuwa kulikuwa na viatu vipya vya kujaribu.

Klabu hiyo ilishinda mchezo wa kwanza, wa pili na wa tatu. Ilipofika wa tano, kipa alikuwa hajafungwa hata bao moja, na mji ulikuwa umepata wazimu. Wanawake wa soko walishona vitenge vya mtindo mmoja. Wachimbaji wa madini walishuka kutoka Kampene na pesa mfukoni, na wakulima wa Tunda walipanda treni yetu ya mizigo, treni ninayoipakia mimi, ili kwenda kuishangilia timu isiyo yetu. Sisi tulioletwa na reli kutoka Katanga, mashabiki hao waliturushia maneno pale pale kituoni: "Watu wa reli, mupande treni yenu murudi kwenu!"

Hayo niliyavumilia. Lililonichoma ni wimbo wao. Kila mara kipa alipodaka mpira, uwanja mzima uliimba, "Mukono yake njo mulango!", yaani mkono wake ndio mlango wenyewe. Maneno hayo niliyasema mimi, mezani kwangu, mwaka wa pili wa urafiki wetu, na yeye akacheka hadi samaki akamkwama. Sasa yaliimbwa na watu ambao hawakujua hata anatumia mkono upi kula.

Jumapili nilipita makusudi mbele ya nyumba ya mfanyabiashara. Nilimwona kipa barazani kati ya mashabiki, mmoja akimmiminia bia, mwingine akimweleza shuti ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelidaka. Mtu huyo alilieleza vibaya. Lilipigwa kwa mguu wa kulia, shabiki akasema kushoto, na kipa alitikisa kichwa kukubali, kwa adabu ile ile niliyokuwa nikidhani ni yangu peke yangu.

Nyumbani mke wangu alipika sufuria ndogo.

"Mbona wali kidogo?" nilimwuliza.

"Tuko wangapi, Baba? Muntu aliyezoea kumaliza chakula anakula kwa patron, ule tajiri yake." Kisha akaniangalia vizuri. "We, unamulilia ule mwanaume kama bibi mwenye kuachwa!"

Nilikwenda kulifungua daftari, na hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nikikitafuta. Katika mabao aliyofungwa kwa miaka sita, zaidi ya robo tatu yaliingia chini, upande wake wa kushoto, na karibu yote katika nusu saa ya mwisho. Nilihesabu mara tatu.

Mchezo wa sita ulikuwa dhidi yetu. Siku mbili kabla yake niliwakusanya wachezaji wa reli karakanani, nikawaonyesha kurasa. "Chini, kushoto kwake," niliwaambia, "na muongeze mwishoni, akisha kuchoka." Nilijua ninachokifanya. Nilikuwa ninauza kitu nilichokipata kwa sababu mtu aliniamini akala kwangu, na nilitaka afungwe, azomewe na wale wenye vitenge, kisha jioni hiyo asiwe na pa kwenda isipokuwa kwangu.

Fundi mmoja wa injini, aliyeniita Mwalimu kwa ajili ya daftari hilo, akauliza, "Mwalimu, kitabu hii haidanganye?"

"Haidanganye," nilisema. "Muweke pesa. Mukipoteza, mimi njo nitalipa."

Basi mafundi tisa, wapakizi na mpiga kengele wa kituo wakaenda Mikelenge kuwekeana dau na mashabiki wa klabu mpya kwamba kipa atafungwa. Hakuna aliyenidhania kuwa mtu wa kusema ovyo.

Uwanja wa Mikelenge ulikuwa mpya, uliofyekwa na mashabiki Jumamosi kwa Jumamosi wakati wa salongo, ile kazi ya lazima ya wananchi wote. Nilisimama nyuma ya goli lake na penseli. Nusu saa ya mwisho wachezaji wetu walipiga chini kushoto, wakapiga tena, wakapiga tena. Mikwaju saba niliandika. Yote saba aliidaka, mingine akiwa amekwisha kulala pale kabla mpira haujafika, na kila mara uwanja uliimba maneno yangu. Tulifungwa mawili kwa sifuri.

Alikuja hadi nilipokuwa, magoti yake yana udongo mwekundu.

"Kaka, njo wewe uliwaambia wapige kushoto?"

"Njo mimi."

Hakukasirika. Alicheka kidogo, kama mtu anayemsahihisha mkubwa wake na hataki kumwaibisha. "Kushoto ile njo jua, kaka. Kwa uwanja ya reli, saa kumi jua inashuka juu ya karakana, inaniingia macho kwa ule upande. Sioni kitu. Hapa goli iko inaangalia upande ingine."

Niliangalia. Ilikuwa kweli. Miaka sita niliandika dakika, mguu na hatua, na sikuwahi kuandika goli linaelekea wapi, kwa kuwa timu yetu ilicheza karibu michezo yake yote katika uwanja mmoja na mimi nilisimama daima mahali pamoja, jua likiwa mgongoni.

"Mbona haukuniambia?" nilimwuliza. "Miaka sita!"

"Ulikuwa unasoma muzuri, kaka. Na samaki ya shemeji ilikuwa tamu. Ningekukatiza kwa nini?"

Nyuma yake walikwisha kufika wenye vitenge na ngoma. Nilisema haraka, kabla hawajambeba, "Uje leo. Shemeji yako anapika."

"Leo hapana, kaka. Wananingoja."

Alisema hivyo kwa upole mtupu, na ningependelea anitukane. Walimwinua mabegani. Nilimfuata kwa macho hadi barabarani nione kama atageuka, na aligeuka, lakini ni kwa sababu kiatu kimoja kilimtoka.

Kesho yake fundi wa injini alikuja ofisini, akasimama mlangoni. Nilimwambia alete orodha ya wote waliopoteza dau. Niliwalipa kwa mishahara mitatu, mmoja mmoja, mpiga kengele wa mwisho. Jumla ilikuwa zaire kumi na saba na makuta arobaini.