Pima ya Baba

Nilimrukia nahodha kabla hajavua viatu. Alikuja kwetu, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, kusema kwamba tanga aliloshonewa na babangu ni fupi. Amelipandisha kwenye mti wake wa tanga, limepelea karibu pima nzima.

"Babangu amepima matanga wewe hujazaliwa," nikamwambia. "Labda mti wako ndio umeota."

"Mimi siyui, dadangu. Tanga ndilo lisemalo."

Baba hakupima tanga kwa futi ya utepe hata siku moja. Hunyosha mikono yote miwili, kitambaa kikipita kifuani, na toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole ndiyo pima moja. Manahodha walimwamini kwa mikono hiyo. Mimi ni fundi wa nguo, na ulimi wangu hauna breki. Nikaona dawa ya mbishi ni ushahidi. Nikachukua futi zangu mbili za kushonea, nikaziunga kwa pini, maana moja, yenye inchi sitini, haiwezi kumtosha mwanamume mrefu kama baba.

"Baba, simama umwonyeshe."

Aliinuka polepole. Mkono wa kulia ulinyoka. Wa kushoto ulifika usawa wa mbavu ukagoma, kiwiko kimekunjika, jasho likamtoka usoni. Futi ya kwanza haikuisha. Nikadhani nimeishika vibaya, nikapima tena.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu kabla ya Ramadhani. Bega limekufa. Nilikuwa nikiongeza kitambaa kwa kukisia."

Mficha maradhi kilio kitamfichua, sawa, lakini mimi je? Kanzu yake ya Idi niliishona mwenyewe, kwa vipimo vya zamani. Wake za watu wa Kizingo nawapima hadi vifundo vya mikono, na babangu niliye naye nyumba moja sikumgusa bega. Niliona aibu.

Nahodha alikuwa akitazama sakafu. "Usisome, dadangu. Tanga litafaa vivyo hivyo."

"Soma," baba akasema, mikono bado ameishikilia hewani. "Huyu ataingia nalo baharini."

"Inchi hamsini na nane," nikanong'ona.

"Sema asikie."

Nikasema kwa sauti, na baba akaishusha mikono yake.